Nguzo Zinazopiga Makofi

Nchi ya Hewala haimo katika ramani yoyote. Mchora ramani alipofika mpakani aliambiwa mkubwa yuko kikaoni, asubiri kidogo, na kwa kuwa ni mtu mwenye adabu, bado anasubiri. Kwa hiyo wewe unayesoma usijisumbue kusema unaifahamu. Huifahamu. Ni nchi ya mbali, watu wake hawafanani na sisi hata kidogo, na viongozi wao, Mungu apishie mbali, hawafanani na wetu.

Huko kuna sheria moja ya adabu ambayo mtoto huijua kabla hajajua kunawa uso: mkubwa akisema makofi, unapiga makofi, na huachi mpaka mkubwa aketi. Aliwahi kutokea waziri mwenye jipu, hakuweza kuketi, na watu wakapiga makofi mpaka nyani wakamaliza mahindi yote shambani. Nyani wa Hewala wanamkumbuka waziri yule kwa mema.

Basi katika kijiji cha Chamtwaa alikuwepo Mzee Kilumbo, mjane wa kiume, mkulima wa mihogo. Shule aliiacha darasa la pili, siku mwalimu alipohamishwa akaondoka na ubao. Mkewe, Bi Kazija, alifia katika zahanati iliyozinduliwa mara nyingi kuliko ilivyofunguliwa. Siku hiyo mkunga aliomba mkasi. Mkasi ulikuwepo, tena mzuri, unang'aa, lakini ulikuwa wa kukatia utepe, na ufunguo wa kabati alikuwa nao Ofisa Itifaki, naye Ofisa Itifaki alikuwa safarini kujifunza itifaki. Tangu hapo Kilumbo akipita mbele ya kiongozi hutema mate, kisha huangalia juu kama mtu aliyeingiwa na inzi mdomoni.

Kazija alimwachia binti mmoja, Sihaba, na Sihaba alitaka kitu kimoja tu duniani: kuwa fundi mwashi mwenye cheti. Tangu akiwa mdogo alikuwa akijenga vijumba vya udongo uani, kuku wakavihamia, na wakifukuzwa walirudi kulala humo humo. Lakini huko Hewala mtu asiye na cheti haruhusiwi kugusa hata tofali la serikali, na kazi zote za maana ni za serikali. Kwa hiyo iliposikika kwamba Chamtwaa itajengewa chuo cha ufundi, Kilumbo, aliyekuwa hajacheka tangu msiba, alicheka. Jirani zake wakatoka nje kuangalia kuna nini.

*

Siku ya kuweka jiwe la msingi alikuja Waziri wa Mikono ya Watu, Mheshimiwa Tambuu Lugangira. Alipanda jukwaani, akanywa maji, akayasifu maji, kisha akanguruma.

"Wananchi wa Chamtwaa! Saruji si nguzo! Nondo si nguzo! Kokoto, je?"

"Si nguzo!" watu wakaitika.

"Nguzo ya chuo hiki ni nani?"

Watu wakatazamana. Hawakuwa wameandaliwa kwa swali hilo.

"Ni nyinyi! Jamii ndiyo nguzo ya chuo hiki! Makofi!"

Makofi yakapigwa mpaka alipoketi. Kwingine maneno kama hayo yangeishia hapo, yakafagiliwa pamoja na maganda ya karanga. Hewala si nchi ya mzaha. Kauli ya Waziri ni agizo, na agizo halifasiriwi, linatekelezwa. Kesho yake asubuhi Mkuu wa Chuo, Bwana Ngwada, aliita mjenzi, akachukua kalamu nyekundu, akafuta nguzo zote katika mchoro.

"Lakini Mkuu," mjenzi akasema, "paa litakaa juu ya nini?"

"Umemsikia Waziri au hukumsikia?"

"Nilimsikia."

"Basi litakaa juu ya jamii."

Nondo na saruji za nguzo zikaenda zilikokwenda. Mwaka huo huo nyumba ya Bwana Ngwada iliota ghorofa, lakini nyumba ni kama mtoto, ikifika wakati wake inarefuka yenyewe.

Karakana ikajengwa: ukuta mmoja wa nyuma, na paa la mabati lililoegemea ukuta huo. Upande wa mbele palikuwa na boriti moja ndefu, na chini ya boriti palikuwa na watu. Paa lilishushwa lifikie kimo cha mwananchi wa kawaida. Warefu waliambiwa wapige magoti kwa uzalendo. Wafupi walipewa matofali ya kusimamia, na hayo ndiyo matofali pekee yaliyowahi kufika upande ule.

Utaratibu ulikuwa mwepesi, ulisomwa kwa kipaza sauti: kila mwanafunzi aje na nguzo yake. Nguzo isipofika, mwanafunzi harudi. Wenye baba na mama walipokezana, mmoja asubuhi, mwingine mchana. Wenye wajomba waliazima wajomba. Kilumbo, aliyekuwa hana mke wa kumpokea, alishika boriti tangu kengele ya kwanza mpaka ya mwisho, na mihogo yake ikabaki inajipalilia yenyewe.

"Baba, niache tu," Sihaba alimwambia jioni moja, akimkanda mabega kwa mafuta ya nazi. "Nitauza maandazi."

"Wewe jifunze. Mimi nimeshika."

"Unaumia."

"Naumia, lakini siumii bure. Mama yako aliumia bure."

*

Nguzo iliyosimama jirani yake ilikuwa Bi Chausiku, mtani wake wa damu, mwanamke mnene mwenye ulimi wa upupu. Mwanawe alisomea useremala.

"Mtani," Bi Chausiku alimwambia siku ya kwanza, "nguzo gani wewe, umekonda hivyo? Mchwa wamekuanza lini?"

"Afadhali mimi nimeliwa na mchwa. Wewe umemeza boriti nzima na bado unaangalia mabati."

"Ngoja ufe, nitakuja msibani kwako nilalie jeneza."

"Njoo. Ukilalia wewe, litashuka kaburini bila kamba."

Wanafunzi ndani wakacheka, mwalimu akagonga meza, akatoa onyo kali: nguzo haziruhusiwi kuongea wakati wa somo. Somo lenyewe siku hiyo lilikuwa Umuhimu wa Nguzo katika Jengo.

Paa liliwaelemea, lakini taratibu waliligundulia tabia. Nguzo moja ikipiga chafya, mabati yote yanalia. Nguzo ikienda kujisaidia, wenzake wawili wananyoosha mikono zaidi na kumwombea kuhara kusimpate. Mvua ikinyesha, maji hutiririka kwenye mikono yao na kuingia kwapani, na wakaguzi kutoka makao makuu waliandika kwamba chuo kina mfumo wa kisasa wa kuvuna maji ya mvua.

Lililomkera Kilumbo zaidi lilikuwa jingine. Mikono yake, baada ya miezi ya kushika, ilianza kugoma kushuka. Akitoka zamu jioni anatembea kijijini mikono juu, kama mtu aliyevamiwa na majambazi. Wapita njia wakadhani anaishangilia serikali.

"Mzee Kilumbo kabadilika!" wakaambizana. "Zamani alikuwa anatema mate. Tazama sasa anavyopunga!"

Jioni moja alipita karibu na mkutano wa kijiji, hata hakuwa anauendea. Mwenyekiti alikuwa anauliza, "Wanaounga mkono kila kaya itoe jogoo kwa ajili ya sherehe ya ufunguzi, wanyooshe mikono!" Hakuna aliyenyoosha. Watu walikuwa wanachunguza kucha zao za miguu. Ndipo Kilumbo akapita nyuma, mikono yote miwili hewani.

"Ahsante, Mzee Kilumbo!" Mwenyekiti akashangilia. "Tena huyu anaunga kwa mikono miwili! Hoja imepita!"

"Siungi!" Kilumbo akapiga kelele. "Imekakamaa tu!"

"Andika," Mwenyekiti akamwambia katibu, "anaunga mkono kwa sauti."

Watu wakamtazama Kilumbo kwa macho ambayo hata mbwa hatazamwi nayo. Jogoo wake mwenyewe ndiye aliyekamatwa wa kwanza. Bi Chausiku hakumsemesha mpaka alipoona jinsi alivyojaribu kujikuna pua kwenye ukingo wa ukuta, akasikitika, akamkuna.

*

Mtihani wa mwisho ukafika. Wanafunzi wa uashi walitakiwa kuonyesha nguzo. Wenzake Sihaba wote walichora, kwa penseli, na mmoja aliipaka rangi akaongeza ua. Sihaba akaenda nyuma ya karakana na mabaki ya saruji aliyokuwa akikung'uta kwenye mifuko mitupu, akajenga nguzo. Nguzo ya kweli. Alishusha timazi, uzi ukatulia kama umelala. Mtahini mgeni aliisukuma kwa bega, akaipiga teke, akaumia kidole.

"Hii imesimama," akasema, akichechemea.

Bwana Ngwada alipoiona alipauka.

"Nani kakutuma?"

"Mtihani, Mkuu. Umesema nguzo."

"Binti, unajua maana ya kitu hiki? Baba yako na wenzake wako pale mbele wamejitoa mwili na roho kuwa nguzo, halafu wewe unaleta tofali? Unataka kuwaambia wananchi kwamba tofali linawashinda?"

"Linawashinda, Mkuu. Tofali halichoki."

"Tofali halipigi makofi! Halipigi kura! Nguzo gani isiyopiga makofi?"

Nguzo ikavunjwa kwa nyundo mchana ule ule. Waliochora wote wakafaulu, na yule wa ua akapata sifa ya pekee. Sihaba akaandikiwa ameanguka, kosa lake kujenga.

Kilumbo alipopata habari aliiachia boriti kwa mkono mmoja, mabati yakalia, wanafunzi wakajitupa chini ya meza. Bwana Ngwada akaja mbio, akamshika bega kwa upole uliojaa kucha.

"Mzee, tulia. Mambo haya yanazungumzika. Siku ya ufunguzi Waziri anakuja mwenyewe. Meza kuu itakaa humu, kivulini. Wewe shika vizuri, usikunje uso, fanya kila utakachoambiwa, kila kitu, umenisikia? Nami cheti cha binti yako nitakifikiria."

"Utakifikiria au utakitoa?"

"Kufikiria ndiyo mwanzo wa kutoa."

"Kila nitakachoambiwa?"

"Kila kitu."

"Hewala," akasema Kilumbo, na akarudi chini ya boriti.

*

Siku ya ufunguzi kijiji kilinukia pilau na majogoo wa watu. Wanafunzi walipangwa nje juani, kila mmoja kashika chombo cha kazi yake ili picha zitoke vizuri. Sihaba, ingawa ameanguka, alipewa mwiko ashike kwa sababu alijua kuushika. Ndani, chini ya paa, meza kuu ilipambwa kwa vitambaa: Waziri katikati, Bwana Ngwada kulia kwake, kisha Mwenyekiti, Ofisa Itifaki, na wengine ambao kazi yao ilikuwa kuwa wengine. Mbele yao, migongo kwao na nyuso kwa umati, zilisimama nguzo za jamii, zimepakwa chokaa nyeupe mpaka viwikoni.

"Mtani," Bi Chausiku akanong'ona, "leo umependeza. Kama kaburi jipya."

"Nyamaza. Leo nina kesi."

"Najua. Shika, mtani. Nimeshika nawe."

Waziri akasimama. Akanywa maji. Akayasifu maji. Akasema amezunguka dunia nzima, na huko wenzetu wanajenga vyuo kwa vyuma, vyuma vinapata kutu. "Lakini jamii," akasema, "jamii haipati kutu! Inapata jasho tu!" Akasema chuo hiki kitaigwa. Akasema tayari amepanga daraja la mto Mtwanga lishikwe na jamii vile vile, na jamii ikafikiria mamba. Kisha sauti ikampanda, machozi yakamlenga, akanyoosha kidole kuelekea boriti.

"Leo sitaki mnipigie mimi makofi! Leo nataka nguzo zijipigie zenyewe! Nguzo za chuo, jipigieni makofi!"

Nguzo zikainua macho kwenye boriti. Halafu sheria ikafanya kazi yake. Nguzo ya kwanza ikashusha mikono, pa! Ya pili, pa! Ya tatu, pa! Bi Chausiku akamwangalia mtani wake, akafumba macho, naye akashusha, pa! Boriti ikashuka kidogo, ikashuka tena, mabati yakapiga yowe, na paa zima likabaki juu ya Mzee Kilumbo peke yake, amekakamaa, mishipa ya shingo imemtoka kama mizizi, maana cheti cha mwanawe kilikuwa kinaning'inia pale pale na boriti.

Bwana Ngwada alikuwa hatazami juu. Alikuwa anamtazama Waziri, na Waziri alikuwa anamtazama Kilumbo kwa mshangao.

"Yule mzee mbona hapigi?" Waziri akauliza. "Ni mpinzani?"

"We Kilumbo!" Bwana Ngwada akafoka. "Unamgomea Mheshimiwa? Piga makofi!"

"Mkuu," Kilumbo akasema kwa meno yaliyobanwa, "una hakika?"

"Tulipatana nini? Kila kitu! Nasema piga!"

"Hewala," akasema Kilumbo.

Na mikono ile iliyokuwa haishuki kwa mafuta wala kwa maji ya moto, ikashuka kama ndizi mbivu. Pa!

*

Paa halikuanguka. Lingeanguka kwingine. Nguzo zikarukia nje zikiendelea kupiga makofi, nalo likashuka kwa heshima, likilia, kuelekea meza kuu, na meza kuu yote, bila hoja wala kikao, ikanyoosha mikono. Kwa mara ya kwanza viongozi wa Hewala walifanya jambo kwa pamoja. Waziri alishika. Bwana Ngwada alishika. Mwenyekiti alipanda juu ya kiti, akashika. Ofisa Itifaki alitaka kujua nani anatakiwa kushika kwanza, bati likamgusa upara, akashika.

Nje, mshereheshaji, ambaye hawezi kuona kitu asikitangaze, akapaza sauti: "Mabibi na mabwana! Viongozi wetu sasa wanatuonyesha kwa vitendo!"

Umati ukalipuka kwa makofi. Akina mama wakapiga vigelegele. Mpishi akaacha pilau liungue.

"Acheni makofi!" Waziri akapiga kelele. "Njooni mshike!"

"Hatuwezi, Mheshimiwa," Bi Chausiku akamjibu, akiendelea kupiga. "Mkubwa hajaketi."

"Nawaruhusu!"

"Sheria haina ruhusa, Mheshimiwa. Wewe keti tu, sisi tutaacha."

Waziri alijaribu kukunja magoti. Paa likamfuata. Akasimama upesi. Wengine wakamwambia asicheze, maana kila aliyepunguza alimwongezea mwenzake, na pale mezani palizuka matusi ambayo hayakuwemo katika ratiba. Ndipo macho ya Waziri yakatua juu ya Sihaba. Umati mzima yeye peke yake hakuwa anapiga makofi, kwa sababu wenzake walitupa vyombo chini wapige, lakini yeye mwiko haukumtoka mkononi.

"Binti! Wewe ni mwashi?"

"Bado, Mheshimiwa."

"Bado nini? Lete tofali, weka nguzo hapa!"

Sihaba akapiga goti kwa adabu. "Shikamoo, Mheshimiwa. Hili jengo ni la serikali, nami sina cheti. Mkuu wa Chuo ameniangusha."

"Ngwada! Umemwangushia nini?"

"Nilikuwa namtania," Bwana Ngwada akasema, jasho linamwingia machoni. "Huyu ni mwanangu kabisa."

"Mpe cheti!"

"Vyeti vimo mfukoni mwangu, Mheshimiwa. Nimeshika."

Sihaba akaingia chini ya paa, akatoa cheti kimoja kwenye mfuko wa koti la Bwana Ngwada, kizuri, kina mhuri na nafasi ya jina. Akaandika jina lake mwenyewe, kwa hati ya mtu anayepanga matofali. Ikabaki sahihi ya Waziri.

"Nitatia sahihi kesho," Waziri akasema.

"Basi nguzo nayo kesho, Mheshimiwa."

"Nitatiaje? Mikono ndiyo hii!"

Mzee Kilumbo, viganja vikilia pa pa pa, akasogea karibu. "Sisi tusiojua kuandika," akasema, "tunatia dole gumba. Halina aibu, Mheshimiwa. Na mtu ana gumba hata chini."

Ukaletwa wino. Sihaba akamvua Waziri kiatu, kisha soksi, na wala hakuhitaji kuivua yote, maana gumba lilikuwa limeshatangulia kutoka. Akalichovya, akalikandamiza kwenye cheti. Waziri wa Mikono ya Watu akacheka kwa mtekenyo, paa likacheka naye, na meza kuu yote ikamsihi kwa jina la mama yake aache.

Sihaba akakipuliza cheti mpaka wino ukakauka. Akakiinua mbele ya uso wa baba yake. Kilumbo akakitazama, kilikuwa kichwa chini, hakujua.

"Kinasemaje, mama?"

"Kinasema mimi ni fundi, baba."

Mzee akameza mate. Hakuyatema. Akawageuzia viongozi mgongo, akamwelekea binti yake, na makofi yake yakabadilika sauti. Kila aliyekuwa karibu aliyasikia. Katika nchi ya Hewala yalikuwa hayajawahi kusikika makofi ya namna ile, ya mtu ambaye hajaambiwa.

"Fundi!" Waziri akaguta. "Fundi wangu, anza basi! Itachukua muda gani?"

Sihaba alikuwa ameshachuchumaa, anachora msingi ardhini kwa ncha ya mwiko, uso umetulia. "Nguzo haikimbizwi, Mheshimiwa. Kwanza nichimbe. Halafu nijenge. Halafu ikauke. Kazeni tu mikono."

Kilumbo akainama sikioni kwake.

"Mwanangu, ukitia maji mengi, si itachelewa zaidi kukauka?"

"Itachelewa, baba. Lakini itakuwa dhaifu."

"Basi usitie. Jenga imara, isimame miaka." Akapiga makofi mawili matatu, akiwaza. "Lakini mchanga, mama, usichote hapa karibu. Kachote ule wa Mtwanga. Na uende kwa miguu."